Geji ya presha ya oili kwenye pikapu ya zamani: mwongozo kamili wa kuisaka shida kabla hujanunua sensa nyingine

Hii ni kwa wenye Hilux za zamani na Land Cruiser pikapu, zile za injini kama 22R, 2L, 3L na 1HZ, ambazo kwenye dashibodi kuna mshale wa oili unaocheza kati ya L (chini) na H (juu). Naiandika maana kila mtu anakwama sehemu ile ile: mshale umelala, mtu anakimbilia dukani kununua sensa, anafunga, mshale bado umelala, ananunua nyingine, wapi, mwisho anakata tamaa anaendesha hivyo hivyo anasema aah hiyo ni geji tu. Miezi miwili baadae injini imenoki na hakuna anayejua ilianza lini kukosa oili.

Sensa sio mchawi kila mara. Kuna vitu vinne kwenye huo mstari: umeme unaotoka kwenye fyuzi, geji yenyewe, waya unaoshuka mpaka injini, na sensa iliyofungwa kwenye bloki. Cha tano ni presha yenyewe, ambayo watu wanaisahau kabisa. Ukipima kwa mpangilio utakijua kibovu kabla hujatoa hela.

Onyo la kwanza kabisa: mpaka umalize hatua ya 5, gari halitembei. Ukisikia injini inagonga au inatoa mlio wa chuma kwa chuma, zima hapo hapo, hata kulisogeza kwenye kivuli usilisogeze, livutwe.

## Vitu vya kuandaa

- Balbu ndogo ya wati 3.4, ile ya mwanga wa dashibodi, uiunge na nyaya mbili zenye klipu. Isiwe ya LED, LED haipitishi umeme wa kutosha na itakudanganya.
- Multimita (kipimo cha umeme), hata ya bei ya chini inatosha.
- Geji ya presha ya kimakanika, ya bomba, inayosoma mpaka bar 10, pamoja na adapta yake. Kama hununui, fundi injini wengi wanayo, azima.
- Spana au soketi ndefu inayoingia kwenye kichwa cha sensa yako.
- Msasa laini, brashi ya waya, dawa ya kusafishia umeme, kitambaa, na kopo la kukingia oili.
- Oili kidogo ya kuongezea.

Kuhusu adapta: tundu la sensa kwenye injini nyingi za Toyota ni uzi wa BSPT (mtindo wa Uingereza) wa moja ya nane ya inchi. Adapta nyingi zinazokuja na geji za Marekani ni uzi wa NPT wa moja ya nane, na zinafanana kwa macho kiasi kwamba hata muuzaji atakuapia ni zile zile. Sio zile zile, moja ina nyuzi 28 kwa inchi nyingine 27, inaingia mizunguko michache vizuri tu halafu inakaza, ukilazimisha unaharibu uzi wa bloki. Kariakoo ya Dar au Kirinyaga Road ya Nairobi, popote unaponunua, beba sensa yako ya zamani mkononi mlinganishe.

Na angalia gari lako ni volti 12 au 24. Baadhi ya Land Cruiser za dizeli zilizotoka Japani ni volti 24, balbu ya 12 utaiunguza sekunde hiyo hiyo. Betri mbili peke yake sio ushahidi, kuna magari yana betri mbili lakini mfumo ni 12. Pima na multimita.

## Kwanza jua mshale wako unasema nini

Sio kila mshale wa ajabu ni ugonjwa.

Geji za Toyota za enzi hizo zinafanya kazi kwa joto, ndani kuna kipande cha metali mbili kilichozungushiwa waya mwembamba, umeme ukipita kinapata moto kinajikunja na kusukuma mshale. Ndo maana mshale unapanda taratibu, unaweza kusubiri sekunde kadhaa baada ya kuwasha. Huo ni uzima.

Mshale kushuka karibu na L injini ikiwa ya moto na iko sailensa (inanguruma bila kukanyaga mafuta), halafu ukikanyaga mafuta unapanda, huo nao ni uzima. Watu wanatupa hela nyingi sana hapa.

Mshale uliolala L muda wote, hata ukikanyaga: fuata hatua zote.

Mshale uliopanda H na kung'ang'ania huko: ukiwasha swichi bila kuwasha injini na wenyewe unapanda juu, kuna shoti au umefungiwa sensa isiyo yenyewe. Nenda hatua ya 1, halafu ruka uende moja kwa moja hatua ya 4.

Mshale unaopanda na kushuka kwenye rafu rodi lakini kwenye lami umetulia: plagi imelegea au waya umekatika ndani ya gamba. Ila kama unashuka kwenye kona au mlima na kurudi kwenye tambarare, oili imepungua kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), hiyo sio geji.

## Hatua ya 1: Oili, kwa macho na pua

Gari liwe sehemu tambarare, injini imezimwa dakika kumi hivi. Chomoa kijiti cha kupimia oili, futa, rudisha, chomoa tena usome.

Imepungua, ongeza. Imezidi mstari wakati wewe hukuongeza, nusa: harufu ya dizeli au petroli maana yake mafuta yanavujia kwenye oili, oili inakuwa nyepesi na presha inashuka kweli kweli, hapo geji inasema ukweli na wewe unataka kuipiga faini. Ikiwa na rangi ya maziwa kuna maji. Kwa yote mawili acha habari za umeme, tafuta fundi injini.

Na kumbuka nani alimwaga oili mara ya mwisho na aliweka ipi. Injini ya dizeli ya zamani iliyozoea 15W-40 ukiiwekea oili nyepesi ya gari dogo la kisasa, ikipata moto mshale utalala chini kuliko ulivyozoea.

Umefanikiwa kama: oili iko kati ya mistari miwili, haina harufu ya mafuta wala weupe.

## Hatua ya 2: Fyuzi na majirani wa geji

Washa swichi ifike ON, injini isiwake. Angalia geji ya mafuta na ya joto. Zote zimekufa? Basi ugonjwa ni wa pamoja, tafuta fyuzi iliyoandikwa GAUGE, ichomoe, ipime na multimita, usiiangalie kwa macho tu maana fyuzi za zamani zinapasuka ufa usioonekana. Safisha na miguu inayoshika fyuzi, kwenye magari yaliyokaa pwani kutu ya kijani inajaa humo.

Fyuzi ikiwa imeungua weka ya ampea zile zile. Ikiungua tena usiongeze ukubwa na usiweke waya wa shaba, kuna shoti sehemu, itafute.

Majirani wako wazima na ni mshale wa oili tu umelala? Fyuzi ni nzima, endelea.

## Hatua ya 3: Kipimo cha balbu (hapa ndo penye utamu)

Tafuta sensa. Kwa kawaida imefungwa ubavuni mwa bloki, mara nyingi karibu na filta ya oili, ina waya mmoja tu. Kuna mbili za kutofautisha: sensa ya geji ni nene, kama kikopo, na swichi ya taa ya oili ni ndogo nyembamba. Gari lingine lina zote mbili.

Swichi ikiwa OFF, chomoa plagi ya waya. Usivute waya, shika plagi yenyewe, ikigoma pulizia dawa uichezeshe. Sasa klipu moja ya balbu ishike kwenye chuma cha waya uliochomoa, klipu nyingine kwenye chuma kisafi cha injini au hasi ya betri. Mwambie mtu awashe swichi ON.

Kwa nini balbu na sio kugusisha waya moja kwa moja kwenye injini kama mafundi wengi wanavyofanya? Kwa sababu ile koili nyembamba ndani ya geji haikutengenezwa kubeba umeme mfululizo. Sensa yenyewe inakata na kuunga umeme mara kwa mara, kwa hiyo geji inapata kwa vipande vipande. Ukipiga bodi (yaani kuugusisha waya kwenye chuma cha injini) moja kwa moja ukaacha hapo huku unaongea na simu, geji iliyokuwa nzima inaungua, na sasa una shida mbili. Balbu inapunguza umeme, na wakati huo huo inakuonyesha kama unapita.

Soma majibu:

Balbu inawaka hata kwa ufifi na mshale unapanda kuelekea H. Geji nzima, waya mzima, fyuzi nzima. Usifungue dashibodi. Kilichobaki ni sensa, bodi ya injini (njia ya umeme kurudi betri kupitia chuma) au presha yenyewe. Ruka uende hatua ya 5.

Balbu haiwaki, mshale haujagusika. Umeme haufiki. Waya umekatika au geji imekufa. Hatua ya 4.

Balbu inawaka lakini mshale umelala. Umeme unapita ndani ya geji ila mshale hausogei, geji imechoka. Au kuna fundi alishawahi kuunga huo waya na kitu kingine huko juu, na kwa gari lililopita mikono mingi hilo sio jambo la ajabu hata kidogo.

Ukimaliza zima swichi, mshale urudi taratibu.

## Hatua ya 4: Waya na geji

Kama mshale umeng'ang'ania H, chomoa waya wa sensa, washa swichi, subiri kidogo. Ukishuka, sensa ndo inapiga shoti au sio sensa yake. Usiposhuka, waya umegusa chuma sehemu fulani kati ya injini na dashibodi. Fuata njia yake kwa mkono, hasa unapopita karibu na egzosi, kwenye tundu la kuingilia ndani, na mahali popote ambapo kuna tepu nyeusi ya mtu mwingine.

Kama umeme haufiki, njia rahisi ya kuugawa mstari ni kushusha dashibodi, kutafuta pini ya waya huo nyuma ya plagi, na kupima na multimita mpaka chini kwa sensa, swichi ikiwa OFF na plagi zote mbili zimechomolewa. Ikisoma karibu na sifuri waya ni mzima. Isiposoma kitu, umekatika. Usihangaike kuutafuta ulipokatikia kama umefungwa ndani ya fungu, pitisha mpya, uwe na gamba gumu, mbali na egzosi, ufungwe kila baada ya kiganja kimoja.

Waya ukiwa mzima geuza dashibodi uangalie nyuma ya geji. Geji imeshikwa na nati ndogo, na nati hizo ndo zinazopitisha umeme kutoka kwenye ule ubao mwembamba wa plastiki wenye njia za shaba. Zikilegea au zikishika kutu geji inakufa wakati haina ubaya wowote. Fungua moja moja, piga msasa kidogo sana, rudisha ukaze kwa upole. Ubao ule ukichanika ni kazi nyingine.

Umefanikiwa kama: unarudia kipimo cha balbu na mshale unapanda.

## Hatua ya 5: Presha halisi, usiiruke hata kama una uhakika

Hapa ndo watu wanaruka, na hapa ndo injini zinakufa.

Injini ikiwa baridi, weka kopo chini, fungua sensa kwa spana kwenye kichwa chake cha pembe sita. Usiikamate kwenye kikopo na plaizi, kikopo kitazunguka na sensa imeisha. Funga adapta na bomba la geji ya kimakanika. Bomba lipite mbali na feni, mkanda na egzosi, likipasuka oili inaruka kwa nguvu na ni ya moto.

Ukipata kiungo cha tii (chenye umbo la T) ni bora zaidi, geji ya kimakanika upande mmoja na sensa upande mwingine, utafanya hatua hii na ya 6 kwa pamoja.

Washa injini, macho kwenye geji. Ikikaa sekunde kama tano bila kupanda, zima. Ikipanda, angalia kama panavuja, halafu iache ipate moto kabisa. Kusoma ikiwa baridi hakuna maana, oili baridi ni nzito na hata injini iliyochoka inaonekana kijana asubuhi.

Ikiwa ya moto:

- Sailensa: isipungue bar 0.3. Ndio, ni ndogo hivyo, Toyota wenyewe ndo kiwango chao cha chini kwa injini hizi, ila yenye afya huwa inasoma juu ya hapo.
- Mizunguko 3000 kwa dakika: bar 2.5 na kuendelea.

Ukisoma chini ya hapo, geji ya dashibodi haikuwa na kosa. Anza na vya bei rahisi: mwaga oili, weka ya uzito sahihi na filta nzuri, pima tena. Bado? Fungua sampu uangalie strena (chujio la kunyonyea oili), mara nyingi unakuta imezibwa na tope la oili na vipande vya silikoni vya fundi aliyepaka gasketi kama anapaka siagi. Halafu valvu ya kupunguzia presha ambayo inaweza kukwama ikiwa wazi, halafu pampu, halafu metali za krenki (beringi zake). Hizo mbili za mwisho ni kazi ya injini, panga hela.

Kuna wanaoweka oili nzito sana ili mshale upande. Utapanda, ndio. Metali zilizolika zinabaki zimelika.

Umefanikiwa kama: namba zote mbili zimefika ikiwa ya moto. Sasa una ruhusa ya kuilaumu sensa.

## Hatua ya 6: Sensa yenyewe

Kwanza bodi ya injini. Sensa ina waya mmoja, upande wa pili wa umeme unapita kwenye uzi wake kwenda kwenye bloki. Weka multimita kwenye volti, mguu mmoja kwenye mwili wa sensa mwingine kwenye hasi ya betri, injini inanguruma na taa kubwa zimewashwa. Ikizidi volti 0.2 hivi, safisha au badilisha ule mkanda wa bodi unaotoka injini kwenda chasisi. Gari linalosuasua kwenye stata pia utaona limepona, zawadi hiyo.

Sasa sensa irudishwe kwenye injini, waya wake uwe umechomolewa. Klipu moja ya balbu kwenye chanya ya betri, nyingine kwenye tamino ya sensa (pale waya unapochomekwa).

Injini imezimwa: balbu isiwake. Washa injini: balbu ianze kupepesa, waka zima waka zima, na ukikanyaga mafuta kupepesa kubadilike. Hiyo ndo sensa nzima ya mtindo ule wa kukata na kuunga. Isipopepesa kabisa wakati presha umeshaithibitisha, imekufa.

Na huu ndo mtego mkubwa. Balbu ikiwaka injini imezimwa na kuzimika injini ikiwaka, hiyo sio sensa ya geji, ni swichi ya taa. Uzi ni ule ule, inaingia vizuri kabisa, na kwenye gari lililobadilishwa injini inakuwa imekuja na injini yake. Dalili yake kwenye dashibodi: mshale unapanda H ukiwasha swichi, halafu injini ikiwaka unaanguka mpaka chini. Kinyume kabisa. Ukiona hivyo chomoa waya siku hiyo hiyo kabla koili ya geji haijaungua.

## Hatua ya 7: Kufunga mpya

Dukani sema aina ya gari, injini, na kwamba unataka sensa ya geji, sio swichi ya taa. Ukiambiwa zote ni moja tu, ondoka. Sensa ya mtumba iliyotolewa kwenye gari kama lako mara nyingi inaishinda mpya isiyo na jina kwenye boksi.

Usizungushe tepu nyeupe ya mafundi bomba kwenye uzi. Inaweza kuzuia bodi, na vipande vyake vikiingia kwenye njia ya oili ni balaa. Paka gundi ya uzi kidogo, uache nyuzi mbili za mwanzo bila kitu. Anza kuingiza kwa vidole, kisha kaza kwa spana kwa nguvu ya mkono mmoja. Uzi wa BSPT unaenda ukipanuka, ukiukaza kama nati ya tairi unapasua.

Safisha plagi, rudisha waya, ufunge usining'inie.

Umefanikiwa kama: swichi ON bila injini, mshale uko L. Unawasha, unapanda taratibu. Ikipata moto inashuka kidogo sailensa, ukikanyaga inapanda tena. Baada ya safari fupi hakuna oili chini ya sensa.

## Kwa anayetaka kununua pikapu ya mtumba

Muuzaji akikuwashia na mshale ukakaa katikati bila kutikisika, baridi au moto, sailensa au umekanyaga, usifurahi. Kuna wajanja wanaunga waya wa sensa na rezista ya kwenda bodi ili mshale ukae pazuri daima. Omba ufunguo, weka ON bila kuwasha injini, subiri. Mshale ukipanda wakati injini haizunguki, inama uangalie waya wa sensa umeenda wapi, na geji ya bomba iende na wewe siku ya kulipa.